Ukitaka kuvuka kwenda Unguja wakati wa ugonjwa



Leo tutazungumza juu ya safari. Sisemi safari ya sokoni Njombe, wala ile ya kupeleka viazi Makambako. Nasema safari ndefu ya kuvuka bahari hadi Unguja. Wapo vijana wetu wa Kifanya waliokwenda huko kutafuta kazi. Wapo walioolewa huko. Wazazi hutamani kuwatembelea. Lakini ugonjwa wa mlipuko ukitokea, safari hiyo huwekewa masharti. Masharti hayo ni yapi? Kwa nini yanawekwa? Na sisi tunaotoka vijijini tunapaswa kufanya nini?

Nitaanza na habari ya mama mmoja wa kijiji chetu.

Mama aliyeomba karatasi

Ilikuwa mwezi wa Aprili, mwaka 2020. Nilikuwa nimemaliza mafunzo yangu ya cheti, na nilikuwa na miezi michache tu katika kazi ya uganga msaidizi. Asubuhi moja alikuja zahanati mama ninayemheshimu sana. Nilipofika kijijini sikuwa na hata sufuria. Yeye ndiye aliyenipa kuni na maharage ya wiki ya kwanza.

Mama huyu ana binti aliyeolewa Unguja. Siku zile binti alikuwa karibu kujifungua mtoto wake wa kwanza. Mama alitaka kwenda kumwangalia, kama mama yeyote angetaka. Alikuwa ameuza gunia mbili za mahindi ili apate nauli. Mzigo ulikuwa umekwisha kufungwa. Ndani mlikuwa na unga wa ulezi wa uji wa mzazi na shuka jipya la mtoto.

Tatizo ni kwamba mama alikuwa anakohoa. Nilimpima joto, nikaona nyuzi 38 na nusu. Alisema mwili unamuuma tangu juzi.

"Dokta, mwanangu," aliniambia, "sikuja kutafuta dawa. Nimekuja kutafuta karatasi. Watu wa stendi wanasema bila karatasi ya daktari huvuki bahari. Niandikie kwamba mimi ni mzima."

"Mama, lakini wewe si mzima," nilimjibu.

"Hii ni baridi ya hapa kwetu tu. Nikifika kwenye joto la pwani itakwisha."

Muhuri ulikuwa mezani. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ndugu msomaji, nakiri kwamba nilifikiri kumwandikia. Nitakueleza baadaye niliamua nini. Kwanza tutazame kwa nini jambo hili lilikuwa zito.

Kisiwa kinaogopa nini?

Unguja imezungukwa na maji pande zote. Watu na mizigo huingia kwa bandari na kwa uwanja wa ndege. Ugonjwa mgeni nao huingia kwa njia hizo hizo, ndani ya mwili wa msafiri. Ukishaingia mjini, mahali ambapo nyumba zimebanana, huenea upesi.

Watu wa Unguja wameyaona haya tangu zamani. Mwaka 1869 ugonjwa wa kipindupindu ulikuwa umeenea katika nchi nyingi za dunia. Ulikuja kutoka upande wa Bahari ya Shamu na Uhabeshi. Ukapita katika nchi ya Wamaasai, ukafuatana na misafara ya biashara hadi Pangani. Kutoka Pangani ukavuka kwa majahazi hadi Unguja. Maelfu ya watu walikufa. Baadaye majahazi yaliubeba tena kutoka Unguja hadi Kilwa.

Daktari mmoja, James Christie, alikuwa anafanya kazi Unguja wakati ule. Aliwauliza watu wa misafara na mabaharia wametoka wapi na wameona nini njiani. Mwaka 1876 alitoa kitabu kilichoeleza njia ya ugonjwa huo. Jambo alilolionyesha ni kwamba ugonjwa ulipita pale walipopita watu.

Je, hayo ni mambo ya zamani tu? Hapana. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam. Mwezi uliofuata kilikuwa kimefika Unguja. Hadi mwaka 2016 watu zaidi ya 4,000 walikuwa wameugua Zanzibar. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo hata shule zilifungwa.

Sisi wa milimani tusijione tuko salama kwa sababu bahari iko mbali. Mwezi wa Oktoba 1918, vita kuu ya kwanza ilipokuwa inakwisha, jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck lilipita Songea likaja hadi hapa Ubena. Lilikuja na askari na wapagazi waliokuwa wanaugua homa ya mafua na mapafu. Homa ile iliua watu wengi sana Tanganyika na duniani kote. Nayo pia ilisafiri kwa miguu ya watu.

Siku za kujificha

Sasa soma sehemu hii polepole, maana ndiyo inayoeleza masharti yote.

Kijidudu kikiingia mwilini, mtu haanzi kuumwa saa ile ile. Kijidudu hukaa kwanza kikizaana. Siku hizo mtu hujiona mzima. Anakula, analima, anapanda basi. Tuziite siku za kujificha.

Kila ugonjwa una siku zake. Kipindupindu hujificha kwa saa chache hadi siku 5. Homa ya manjano hujificha siku 3 hadi 6. Korona hujificha siku 2 hadi 14.

Ubaya ni kwamba katika magonjwa mengine mtu huambukiza wenzake kabla hajaanza kuumwa. Mwenye korona anaweza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya kikohozi kuanza. Na kipindupindu je? Wengi wanaokipata hawaharishi sana, na wengine hawaharishi kabisa. Lakini kinyesi chao kina vijidudu. Kikiingia katika maji ya kunywa, wengine wataugua.

Ukizielewa siku za kujificha, utaelewa kwa nini msafiri huulizwa maswali na kupimwa hata kama anajiona mzima.

Masharti na sababu zake

Tarehe 16 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania. Alikuwa amefika kwa ndege kutoka Ubelgiji kupitia uwanja wa Kilimanjaro. Siku chache baadaye ugonjwa ulionekana Unguja pia. Shule zilifungwa nchini kote. Wasafiri waliotoka nchi zenye ugonjwa walitakiwa kukaa peke yao siku 14 kwa gharama zao wenyewe. Mwezi wa Aprili ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa, zikaruhusiwa tena tarehe 18 Mei. Bandarini na kwenye stendi za mabasi ziliwekwa ndoo za maji na sabuni, na watu walipimwa joto.

Tuyatazame masharti hayo moja moja.

Kupimwa joto. Mhudumu huelekeza kipima joto kwenye paji la uso wako. Anatafuta mwenye homa. Kipimo hiki kinasaidia, lakini hakitoshi. Mtu aliye katika siku za kujificha hana homa. Na aliyemeza panado asubuhi anaweza kupita bila kuonekana. Ukimeza panado ili upite, hujamdanganya mhudumu peke yake. Umemdanganya mama mjamzito atakayeketi karibu nawe ndani ya boti.

Kunawa mikono. Njiani mkono wako umeshika mlango wa basi, pesa na chuma cha ngazi ya boti. Kisha mkono huo huo unashika mdomo na jicho. Sabuni huondoa vijidudu vya korona na vya kipindupindu pia. Sharti hili ni rahisi kuliko yote, na linafaa kwa magonjwa mengi.

Cheti cha kipimo au cha chanjo. Kuanzia tarehe 4 Mei 2021, wasafiri kutoka nje ya nchi walitakiwa kuja na cheti cha kipimo cha korona kilichofanywa ndani ya saa 72. Kwa nini saa 72? Kwa sababu kipimo cha wiki iliyopita hakisemi habari za leo. Chanjo nayo ina cheti chake. Chanjo ya homa ya manjano huchomwa mara moja, na cheti chake hutumika maisha yote. Chanjo ya korona ilianza kutolewa Tanzania mwezi wa Julai 2021, na Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani tarehe 28 mwezi huo.

Karantini. Maana yake ni kumtenga msafiri mpaka siku za kujificha zipite. Neno hili limetokana na neno la Kiitaliano lenye maana ya arobaini. Zamani meli zilizofika mji wa Venice kutoka penye tauni zilingoja siku 40 kabla ya abiria kushuka. Hata Zanzibar ilikuwa na mahali pa namna hiyo. Karibu na mji wa Unguja kuna kisiwa kidogo kinachoitwa Changuu. Katika miaka ya 1890 palijengwa gereza, lakini nyumba zile zikaja kutumika kwa karantini ya wasafiri wa meli. Leo watalii huenda kisiwani hapo kutazama kobe wakubwa.

Kutengwa si adhabu, wala si kudharauliwa. Mkulima akinunua ng'ombe mnadani, haoni vibaya kumfunga pembeni siku kadhaa kabla ya kumchanganya na wengine. Anasema, "Nimwangalie kwanza." Karantini ni hivyo hivyo.

Jambo jingine tulijue. Katika nchi yetu afya si jambo la Muungano. Bara ina Wizara yake ya Afya, na Zanzibar ina Wizara yake. Kwa hiyo masharti ya Unguja yanaweza kutofautiana na ya huku. Mtu akikuambia, "Njombe hawaulizi kitu," usidhani Unguja nako hawaulizi.

Niliamua nini

Sasa nirudi kwa yule mama.

Nilifikiri hivi. Nikiandika karatasi, mama atafurahi. Atapanda basi Makambako. Atakaa na watu zaidi ya hamsini kutwa nzima, kupitia Iringa, Mikumi na Morogoro hadi Dar es Salaam. Kisha ataingia botini na mamia ya watu kwa muda wa saa mbili hivi. Mwisho atafika katika chumba kimoja na binti yake mjamzito, na baadaye na mtoto mchanga. Kikohozi chake kitakuwa kimesafiri pamoja naye, kikiwa na muhuri wangu.

Niliweka kalamu chini. Nikamwambia, "Mama, siwezi. Karatasi hii itakulinda usirudishwe, lakini haitamlinda mjukuu wako."

Alikasirika sana. Aliniambia nimesahau maharage yake. Neno hilo liliniuma, na mpaka leo nalikumbuka. Alichukua mzigo wake akaenda zake.

Jioni nilikwenda nyumbani kwake. Nilisimama uani, mbali kidogo, na barakoa usoni. Mumewe alinisikiliza. Tulimpigia binti simu, tukaweka sauti kubwa ili wote tusikie. Nilimwuliza kama anahudhuria kliniki na kama anajua hospitali ya karibu. Mama mkwe wake akachukua simu akasema, "Mwambie dada yangu asiwe na wasiwasi. Huyu ni mwanangu pia. Aje akipona." Yule mama alilia kidogo, kisha akanyamaza. Hakusafiri.

Siku tano baadaye mumewe naye alianza kukohoa. Alilala kitandani siku kumi. Zahanati yetu haikuwa na kipimo cha korona, kwa hiyo sitasema ilikuwa korona. Lakini ugonjwa ulikuwa wa kuambukiza, na ulitoka kwa mke ukaenda kwa mume. Abiria wa lile basi waliepuka kitu ambacho hawakukijua.

Mtoto alizaliwa Mei, salama, wa kiume. Bibi yake alivuka Julai, akiwa mzima. Aliporudi alikuja zahanati asubuhi na mapema. Aliweka karafuu za kunukia juu ya meza, karibu na muhuri. Akasema, "Nilimpakata bila wasiwasi." Hakuongeza neno.

Wewe ufanye nini?

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona si dharura ya dunia tena. Masharti ya wakati ule yameondolewa. Lakini magonjwa mengine huzuka. Kwa hiyo shika haya.

Kabla ya safari. Uliza kwanza. Piga simu namba 199 ya Wizara ya Afya, haina malipo. Mwombe pia mwenyeji wako aulize kituo cha afya cha huko kisiwani. Usitegemee maneno ya stendi. Chukua kitambulisho chako cha Taifa na kadi zako za chanjo, uvitie katika mfuko mmoja wa nailoni visilowe. Ukihitaji cheti, kipate mahali panaporuhusiwa kukitoa. Anayekuuzia cheti bila kukupima ni mwizi wa pesa yako na wa uhai wa wenzako. Weka akiba ya fedha kidogo, kwani ukitengwa siku kadhaa utahitaji kula. Na kama una homa, kikohozi, kuharisha au vipele usivyovielewa, ahirisha. Nenda zahanati useme ukweli wote.

Njiani. Beba sabuni na chupa ya maji safi yaliyochemshwa. Kama ugonjwa uliopo ni wa kifua, vaa barakoa ifunike pua na mdomo, na fungua dirisha la basi hata kama kuna baridi. Usishiriki kikombe kimoja na mtu. Hili tulianze hapa hapa kwetu, maana kopo moja la ulanzi huzunguka midomo kumi. Kama ugonjwa uliopo ni kipindupindu, kula chakula cha moto, menya tunda mwenyewe, wala usinunue juisi au maji usiyojua yametoka wapi. Beba pakiti mbili za ORS. Ukizikosa, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Koroga, kunywa kidogo kidogo, kisha kimbilia kituo cha afya. Kipindupindu kikali kinaweza kuua kwa saa chache.

Ukifika. Jibu maswali ya wahudumu bila kuficha. Waambie umetoka wapi na umepita wapi. Ukiambiwa ukae peke yako, kaa mpaka siku ziishe. Ukianza kuumwa, usiende sokoni wala kwenye ibada. Mwambie mwenyeji wako apige simu kituo cha afya kabla hujakwenda, ili wajiandae kukupokea.

Ukirudi. Wengi husahau sehemu hii. Sisi huogopa kuletewa ugonjwa na wageni, lakini msafiri anayerudi Kifanya naye ametoka mbali. Kama ulikokwenda kuna ugonjwa, toa taarifa kwa mhudumu wa afya wa kijiji. Jiangalie kwa siku zote za kujificha za ugonjwa huo kabla ya kwenda kuwaamkia wazee na kubeba watoto wachanga. Majirani nao wasimnyanyapae. Wamwachie maji na chakula mlangoni. Mtu aliyetengwa na kusaidiwa atasema ukweli tena siku nyingine. Mtu aliyetengwa na kuchekwa ataficha.

Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima. Hawakungoja ugonjwa ufike mlangoni ndipo waanze. Nasi tufanye hivyo. Kinga ni bora kuliko tiba.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Siku za kujificha ni nini? Siku za kujificha za korona ni ngapi? Za kipindupindu je?

2. Kwa nini kipima joto peke yake hakitoshi kumzuia mgonjwa kusafiri?

3. Kama ungekuwa wewe mganga, ungemjibuje yule mama? Kama ungekuwa wewe mama, ungefanya nini?

4. Msafiri akirudi kijijini kwetu kutoka penye ugonjwa, tutamsaidiaje akae peke yake bila kuona amefukuzwa?